Si kitu tu, ni saa yake: siku ya kijana wa skuli Unguja na Pemba

Saa kumi na mbili asubuhi nyumba nyingi hali ni moja. Kijana keshavaa sare, kasimama mlangoni, mkono huu kikombe cha chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari, mkono huu kipande cha boflo. Hakai. Mafunda mawili matatu, boflo linamalizwa njiani, daladala hiyo.

Tukizungumza afya ya vijana tunapenda kutaja vitu: soda mbaya, chipsi mbaya, simu mbaya. Mimi naona tunashika pasipo. Kwa kijana wa miaka 12 hadi 19, mara nyingi kinachomharibia mwili wa baadaye si kitu chenyewe. Ni saa anayokitumia, na mara ngapi kwa siku. Umri huu mwili unajijenga kwa haraka ambayo hautairudia tena, na kila kinachojengwa kina saa zake. Vipo vichache tu, katika vyote nitakavyovitaja, ambavyo havina saa nzuri hata moja. Nitavifikia.

Tuanze na hiyo chai.

Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za madini ya chuma kwa siku, mvulana wa umri huo 11. Tofauti hiyo ni damu ya hedhi. Sasa, majani ya chai yana vitu vinavyoyakamata madini ya chuma tumboni kabla hayajaingia kwenye damu. Chai ikinywewa pamoja na chakula cha nafaka, kunde au majani, chuma kinachoingia mwilini kinaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Chuma cha samaki na nyama hakiathiriki sana, lakini ni nani anayekula samaki saa kumi na mbili asubuhi? Kwa hiyo yule msichana mwenye boflo na chai ya rangi anakula chakula chenye chuma kidogo, kisha anakizuia hicho kidogo kisipite. Siku 200 za skuli kwa mwaka, miaka sita.

Kurekebisha hakuhitaji pesa nyingi. Mbaazi za nazi zilizobaki jana usiku, zipashwe moto vizuri, ziliwe na boflo lilelile. Badala ya chai, maji, au chungwa moja, au pera. Vitamini C ya tunda hufanya kinyume cha chai, inakifungulia chuma mlango. Ukipika mchicha, matembele au dagaa, kamua ndimu ukishaipua, usikamue jikoni ikichemka, kwa sababu moto unaila vitamini hiyo. Chai yenyewe isubiri saa moja baada ya kula. Saa kumi jioni ndiyo saa yake hasa, tumbo likiwa halina kitu cha kupoteza.

Dalili za upungufu wa damu kwa wasichana wetu zina sura ambayo wengi hawaitambui. Mama anamkuta mtoto jikoni anatafuna mchele mbichi, anamgombeza kuwa ana tabia mbaya. Mwingine anatafuna barafu mchana kutwa, mwingine anapenda udongo. Hamu hizo mara nyingi ni mwili unaolilia chuma. Mwambie avute kope ya chini ya jicho mbele ya mwanga: ndani pawe pekundu. Pakiwa peupe, au waridi hafifu, mpeleke akapimwe wingi wa damu. Kwa msichana asiye na mimba, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Jicho linaweza kudanganya, kipimo hakidanganyi, basi usiishie kwenye jicho.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wasichana walioanza hedhi, katika nchi ambazo upungufu wa damu ni mwingi, kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma na miligramu 2.8 za asidi foliki. Wengi wanakiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza, choo kinakuwa cheusi wakaogopa. Ni chuma tu, hakina neno. Ya pili, kinachafua roho; basi kinywewe usiku baada ya chakula, kwa maji, na si kwa chai. Asidi foliki ina kazi ya mbele zaidi: inalinda uti wa mgongo wa mtoto katika wiki nne za mwanzo za mimba, wakati mama mwenyewe bado hajajua kama ana mimba. Ndiyo maana akiba hiyo huwekwa mapema.

Na kwa kuwa tumegusa damu, nitaje kichocho, maana hakitajwi vya kutosha kwa vijana wakubwa. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa maji baridi kwa wingi zaidi mchana wa jua, baina ya saa nne na saa nane, na hiyo ndiyo saa ambayo watoto wa kiume wanatoka skuli na kuchupa bwawani au mtoni. Sisemi saa nyingine ni salama. Maji yenye konokono hao hayana saa salama. Nasema wanaingia saa iliyo mbaya kuliko zote. Damu mwishoni mwa mkojo si dalili ya kubalehe, ingawa wapo wanaoambiana hivyo. Ni mayai ya mnyoo yanayochubua kibofu. Yakiachwa miaka, yanaharibu figo, yanaweza kuleta saratani ya kibofu, na kwa wasichana huumiza via vya uzazi. Dawa yake, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na hutolewa skuli kwenye kampeni. Anayekosa siku ile aende kituo cha afya akaulize. Ainywe ameshiba, tumbo halimsumbui sana.

Mifupa ndiyo inayonishangaza kuliko vyote kwa namna ilivyo na haraka. Karibu robo ya mfupa wote atakaokuwa nao mtu mzima hujengwa ndani ya miaka miwili tu, ile miaka anayorefuka mpaka suruali inapanda juu ya kifundo. Kwa wasichana ni yapata miaka 12 na 13, kwa wavulana 13 hadi 15. Akifika 20, jengo limekwisha kwa sehemu kubwa. Bibi anayevunjika nyonga kwa kuteleza chooni akiwa na miaka 70 anavunjika mfupa ambao nusu ya habari yake iliandikwa akiwa darasa la saba.

Kalsiamu inayohitajika umri huu ni miligramu 1,300 kwa siku, na utumbo haupokei vizuri zaidi ya takriban 500 kwa mkupuo. Maana yake ni kugawa. Bilauri ya maziwa au mtindi, mililita 250, ina kama 300. Lakini maziwa si ya kila nyumba, na hapa visiwani tuna dagaa. Wale wanaoanikwa Kama na Mangapwani ni hazina, kwa sharti moja: waliwe na mifupa yao. Kiganja cha dagaa wakavu, waoshwe mchanga kwa maji mawili, wakaushwe, kisha wakaangwe kwa mafuta kidogo kwa moto mdogo mpaka mfupa uvunjike kwa meno bila kuchoma ufizi. Wakipikwa haraka kwa moto mkali wanaungua nje, mfupa unabaki mgumu kama sindano, watoto wanautema, na kalsiamu yote inaishia kwenye kisahani. Hapo ndipo panapoharibika. Dagaa waliotiwa chumvi walowekwe kwanza maji yamwagwe, la sivyo tumejenga mfupa tukaharibu mishipa.

Kalsiamu bila vitamini D haiingii vizuri, na vitamini D inatoka juani. Binti anayetoka nyumbani amefunika mwili vizuri, anakaa darasani, anarudi ndani, anaweza kuishi Zanzibar mwaka mzima na akapungukiwa na jua. Ngozi nyeusi nayo inahitaji muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Ua wa nyumba unatosha: mikono na miguu wazi, nusu saa hivi, mara kadhaa kwa wiki, akifua au akianika nguo, baina ya saa nne na saa tisa. Jua la asubuhi mapema na la magharibi halina mionzi inayofanya kazi hiyo, na jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina kabisa. Vibua wa marikiti ya Darajani na kiini cha yai vinasaidia.

Kisha mfupa lazima ushtuliwe, la sivyo haunenepi. Kutembea peke yake hakutoshi. Kuruka na kukimbia ndiko. Pendekezo la kimataifa ni dakika 60 za kutokwa jasho kila siku hadi umri wa miaka 17, na siku tatu za wiki ziwe na mazoezi ya nguvu. Wavulana wana mpira wa alasiri, na mchanga wa pwani unawapa miguu. Wasichana wanapofika miaka 12 au 13 wanaondolewa kiwanjani, mwaka uleule ambao mifupa yao inajengwa kwa kasi kuliko mwaka mwingine wowote. Hili linaniuma. Kama familia haitaki acheze nje, kamba ya kuruka uani haikatazwi na mtu: miruko 50, apumzike dakika moja, arudie mara tatu, siku tano za wiki. Viatu vya raba au pekupeku juu ya udongo, si juu ya saruji tupu, maana visigino na mbele ya muundi vitauma ndani ya wiki mbili na ataacha. Na asiyeanza kwa 50 aanze kwa 15.

Mapumziko ya saa nne skulini. Hapa kila mtu anaushambulia urojo, nami siushambulii. Bakuli lenye yai, mshikaki, mbatata na kachori moja ni chakula. Ukichunguza, kinachouharibu ni rundo la chipsi za muhogo juu yake na mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Mafuta yaliyochoka yanajulikana: yamekuwa meusi, yanatoa povu linalobaki, yanafuka moshi kabla hayajapata moto sawasawa, na bajia inatoka ikiwa imeyanywa. Kijana mwenye macho anaweza kuchagua genge.

Ubuyu ndio mfano wangu mkubwa wa saa. Ubuyu wenyewe ni tunda zuri. Ubuyu wa rangi ni unga mchachu uliogandishwa kwenye kokwa kwa sukari iliyochemshwa, unamumunywa kokwa baada ya kokwa kuanzia kipindi cha pili mpaka kengele ya mwisho. Bakteria wa meno wakipata sukari wanatengeneza asidi kwa kama nusu saa, kisha mate yanaisafisha na jino linajirudisha. Lakini akitia kokwa nyingine kila dakika kumi, jino halipati nafasi hata mara moja. Uchachu wa tunda wenyewe unaongeza. Pakiti nzima ikiliwa kwa dakika kumi, akasukutua kwa maji, inaumiza kidogo kuliko nusu pakiti inayochukua masaa manne. Asipige mswaki papo hapo. Asidi imelilainisha jino na mswaki utalikwangua, asubiri nusu saa. Usiku apige mswaki kwa dawa yenye floridi, kipimo 1,000 hadi 1,500 kilichoandikwa kwenye tyubu, ateme, asisukutue. Jino la utu uzima likitoboka akiwa na miaka 15, hakuna lingine linalokuja.

Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu kama 37 za sukari. Chukua kisahani, pima vijiko tisa vya chai vilivyosawazishwa, kiweke mezani mbele ya kijana bila kusema neno. Kiwango cha juu kinachopendeza kwa siku nzima, vyote vikijumlishwa, chai na juisi ya ukwaju ya mfukoni na miwa, ni gramu 25, yaani vijiko sita. Soda ya sikukuu haimwui mtu. Inayohesabiwa ni ile ya kila siku saa saba mchana, kwa kiu, wakati kilichohitajika ni maji.

Kujua kama hesabu hiyo imeanza kukaa kiunoni, usitazame mizani. Chukua kamba, mpime kijana kutoka unyayo hadi utosi, ikunje kamba katikati, kisha mzungushe tumbo juu kidogo ya kitovu akiwa ametoa pumzi. Ncha mbili zikikutana au zikapishana, sawa. Zisipokutana, mafuta yanakaa ndani ya tumbo, karibu na ini, na hayo ndiyo yanayoleta kisukari na presha akiwa na miaka 35, si lazima afike 60. Kipimo hiki hakijali kama ni mrefu au mfupi, mvulana au msichana. Kifanywe faraghani. Kijana anayechekwa kwa mwili wake anakula kwa kujificha.

Sasa vile vingine visivyo na saa nzuri: tumbaku, na popoo.

Tambuu ina heshima yake kwetu, harusini na kwenye sinia ya wazee, na sina haja ya kumvunjia mtu heshima. Lakini tazama kilichomo: jani, chokaa, katu, popoo, na mara nyingi tumbaku. Wengi wanaamini kuwa ukiondoa tumbaku umesalimika. Si kweli. Popoo peke yake iliwekwa na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, mwaka 2004, katika kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Chokaa inaifungulia popoo na tumbaku njia ya kupenya ngozi laini ya ndani ya shavu. Zile popoo tamu za pakiti ndogo, zinazouzwa dukani kando ya peremende, ni popoo vilevile, na kuberi ni tumbaku.

Kinachotokea kinaanza polepole. Pilipili ambayo zamani haikumsumbua inaanza kumchoma. Shavu la ndani linapauka, ukiligusa kwa kidole ni gumu, lina nyuzi kama kamba chini ya ngozi. Kisha mdomo unakataa kufunguka. Kipimo chake kila mtu anacho: vidole vitatu vya kati, vyako mwenyewe, visimamishwe baina ya meno ya juu na ya chini. Vikiingia, sawa. Vikiingia viwili, nenda kwa daktari wa meno wiki hii. Ugumu ule haurudi nyuma, hata ukiacha. Kuacha kunauzuia usiendelee, na shavu hilo ndilo linalogeuka saratani baadaye kwa baadhi yao. Alama nyeupe au nyekundu isiyofutika kwa zaidi ya wiki mbili nayo ionwe.

Nikotini inamshika kijana haraka kuliko mtu mzima kwa sababu ubongo bado unajiunga mpaka miaka ya ishirini na kitu. Anayetaka kuacha ajue ratiba ya taabu: siku ya pili na ya tatu ndizo kali, anakuwa na hasira, hapati usingizi, baada ya wiki mbili hadi nne inalegea. Kila hamu moja hudumu dakika chache tu. Punje ya iliki mdomoni, au karafuu moja, maji, na kuondoka barazani kwa dakika hizo. Kukaa palepale na walewale huku unaacha ni kujitesa bure. Shisha ni hayahaya: maji hayachuji sumu, yanaupoza moshi tu ili uvutwe kwa wingi, na kaa la moto linaongeza hewa ya sumu juu yake.

Usiku. Kijana anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Alfajiri inaadhiniwa kwetu kiasi cha saa kumi na moja, basi saa 8 zinataka awe amelala saa tatu usiku. Tatizo ni kwamba katika balehe homoni ya usingizi huchelewa kutoka kwa saa moja hadi mbili. Kijana asiyepata usingizi saa tatu si mkaidi. Tunachoweza ni kuivuta saa hiyo nyuma na kulipa deni mchana. Anayesoma mkondo wa asubuhi akirudi, aswali, ale, alale dakika 20 hadi 30 kabla ya kwenda chuoni, yaani madrasa, na aamke kabla ya saa tisa. Akizidisha saa nzima anaamka mzito, na usiku usingizi haumjii. Siku asizokwenda skuli asilale zaidi ya saa moja au mbili kupita kawaida, maana saa ya mwili itasogea na siku ya kurudi skuli ataamka kama mgonjwa.

Wakati wa kambi za mitihani vijana wanakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili wakeshe. Kopo la mililita 500 lina kafeini kama miligramu 160. Kiwango cha usalama kilichowekwa Ulaya kwa umri huu ni miligramu 3 kwa kilo kwa siku. Kijana wa kilo 45 ana 135 tu. Kopo moja limeshampita. Na nusu ya kafeini bado imo mwilini baada ya saa tano hivi, kwa hiyo kopo la saa mbili usiku linamfuata mpaka saa saba na zaidi, akiwa kitandani macho wazi. Alichosoma kinahifadhiwa na ubongo usingizini. Asiyelala anasoma na kumwaga. Usingizi haba pia unaongeza hamu ya vitu vitamu kesho yake, na ndivyo soda ya saa saba mchana inavyozaliwa usiku.

Chakula cha usiku kiliwe mapema, baada ya Magharibi. Baada ya Isha taa zipunguzwe, masomo magumu kwanza, ya kukariri mwisho. Simu ichajiwe ukumbini, si chini ya mto. Akisema ndiyo saa yake ya kumwamsha, mnunulieni saa ya mezani yenye kengele, iwekwe mbali na kitanda ili ainuke kuizima.